Tuktuk inavuta kushoto: tajiri anataka 40, fundi anataka 28

Swali: Fundi, salaam kutoka Kisumu. Naendesha tuktuk ya abiria, Kondele hadi mjini, siku nyingine Mamboleo. Chombo ni cha mtu, mimi napeleka hesabu jioni. Tajiri ameniambia nijaze 40 kwenye matairi yote matatu ili mafuta yasiishe haraka. Fundi wa pancha pale stejini anasema 28 inatosha, 40 itapasua tyubu. Kibandiko cha kiwanda kilifutika zamani kwa kuoshwa. Nikibeba watu watatu chombo kinavuta kushoto, na tairi la nyuma kushoto limekwisha kwa miezi minne ilhali la kulia bado lina meno. Nimeona pia vipimio vidogo vya kufunga kwenye valvu, vinakuonyesha upepo huku unaendesha. Ninunue? Na kati ya hao wawili, nani yuko sawa?

Jibu: Ndugu yangu, kwa tairi la mbele fundi wako yuko karibu na ukweli. Kwa matairi ya nyuma wote wawili wamekosa. Na kuhusu kuvuta kushoto, hata ungeletewa namba ya kiwanda jioni hii isingekuponya. Ninavyosoma barua yako, matairi yako mawili ya nyuma yana upepo tofauti karibu kila siku, nawe huna njia ya kujua, kwa sababu leo unapimiwa na huyu asubuhi, kesho na yule saa nane mchana, kila mmoja na geji yake.

Tumalize namba kwanza, maana ndiyo iliyowagombanisha. Tuktuk nyingi za abiria huku kwetu hutembelea tairi la 4.00-8: upana inchi nne, rimu inchi nane. Hakikisha limeandikwa hivyo ubavuni. Kibandiko kikifutika, namba imo kwenye kitabu cha chombo. Kama kitabu nacho kimepotea, tafuta stejini mwenzako mwenye tuktuk ya aina ileile na toleo lilelile ambaye kibandiko chake bado kinasomeka, ukipige picha kwa simu. Vibandiko vingine havitumii psi (pauni kwa inchi ya mraba, ndizo hizo 40 na 28 zenu). Vimeandikwa kwa bar, au kwa kilo kwa sentimita ya mraba. Bar 1 ni psi 14.5, kilo 1 ni psi 14.2. Kwa hiyo ukikuta 2.1 jua ni kama 30, na 2.4 ni kama 34. Usicheke, nimeshaona kijana akitafuta kwenye geji yake mahali palipoandikwa "mbili nukta nne" akaishia kujaza 24.

Mpaka upate hiyo picha, anzia pale ninapoanzia mimi hapa Nakuru kwa tuktuk ya abiria yenye tairi hilo: mbele 30, nyuma 34 kulia na kushoto, tairi likiwa limepoa. Ya nyuma yanapata zaidi kwa sababu watu wako watatu na mizigo yao wanakalia ekseli ya nyuma. Gurudumu la mbele linakubeba wewe kwa sehemu tu, kazi yake kubwa ni kuelekeza na kusaidia breki. Tuktuk ya mizigo, ile yenye bodi nyuma, ina namba zake na huwa juu zaidi nyuma. Usiziazime.

Sasa hiyo 40 ya tajiri. Nadhani najua alikoitoa: ameinama akasoma ubavu wa tairi. Karibu kila tairi lina namba ya upepo wa juu kabisa, na watu wengi huichukua kama agizo. Ile ni dari. Inakuambia tairi hili, likibeba mzigo wake wote, lisivuke hapo. Aliyepanga upepo wa chombo chako ni aliyekiunda, kwa kuangalia uzito wake, springi zake na breki zake, na namba yake ndiyo iliyo kwenye kibandiko na kitabu. Hata matairi mawili ya kipimo kimoja yanaweza kuwa na dari tofauti: lenye alama ya 6PR ni gumu kuliko la 4PR na linavumilia zaidi, lakini tuktuk haijabadilika kwa kuvaa tairi gumu.

Kwenye mafuta tajiri hakusema uongo. Tairi gumu huviringika kwa wepesi zaidi. Lakini kutoka 34 kwenda 40 anachookoa ni kidogo, na bili inakujia kwa njia nyingine. Tairi lililovimba hukanyaga lami kwa ukanda mwembamba wa katikati, na huo ndio unaolika peke yake. Mvua za alasiri za Kisumu unazijua, zile zinazoshuka ghafla wakati watu wanatoka kazini. Hapo ndipo ukanda mwembamba unapokuacha ukiteleza huku umeshika breki. Halafu kuna mashimo. Gurudumu la inchi nane halipiti juu ya shimo kama la gari, linaingia ndani. Upepo ukiwa wa kadiri, mpira unameza kishindo. Ukiwa 40, kishindo kinapokelewa na rimu, shock absorber na mgongo wa yule mama aliyepakata kreti ya mayai.

Na 28 ya fundi kwa nyuma? Hiyo ndiyo inayoua matairi polepole bila mtu kuishtaki. Mzigo haubebwi na mpira, unabebwa na upepo. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Tairi la 4.00-8 lina mzingo wa kama mita 1.3, maana yake kila kilomita linazunguka zaidi ya mara 750. La gari dogo la kawaida huzunguka kama mara 500. Hesabu mikunjo hiyo kutoka asubuhi hadi saa mbili usiku. Kila mkunjo unazaa joto, tyubu inasuguana na tairi kwa ndani, na mabega mawili ya tairi yanalika huku katikati bado kuna meno. Likija kupasuka, watu wanalaumu msumari.

Nina kitu nataka ukakiangalie kabla hujasoma zaidi. Chuchumaa kando ya gurudumu la nyuma kushoto utazame valvu inavyotoka kwenye tundu la rimu. Inasimama wima, au imelala upande mmoja kama mtu aliyevutwa shati? Kama imelala, tairi limekuwa likiteleza juu ya rimu kwa kukosa upepo, likiburuta tyubu nayo, na valvu imebanwa na tundu haiwezi kufuata. Siku moja itachanika pale shinani, na pancha ya shina la valvu haizibiki kwa kiraka. Valvu iliyolala hunieleza mengi kuliko geji, kwa sababu geji inasema ya leo tu.

Kwa nini kushoto? Hapa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, na barabara zimeinuliwa katikati ili maji yakimbilie pembeni. Ukiwa kwenye mkono wako, chombo kizima kimeegemea kushoto kidogo, na uzito umeegemea huko. Raundabauti unazizunguka kwa kukata kulia, na kila ukikata kulia uzito unatupwa kushoto. Ukingo wa lami uliomegeka uko kushoto. Unapochepuka kuchukua abiria, gurudumu la kushoto ndilo linaloshuka kwenye changarawe na ndilo linalopanda tena kwenye lami. Kwa hiyo lingechakaa mapema kidogo hata kama kila kitu kingekuwa sawa. Kidogo, nasema. Miezi minne huku mwenzake bado ana meno si kidogo.

Tuktuk inasimama kwa miguu mitatu, na upande wa kushoto nyuma mguu ni mmoja tu. Likipungukiwa na upepo, kona hiyo inashuka, chombo kinaegemea zaidi, uzito unahamia hapohapo, tairi linajikunja zaidi, linapata moto zaidi. Tairi lililolegea pia ni zito kuviringika, kwa hiyo linakokota upande wake nyuma, na usukani unavuta kuelekea huko. Ukiwa peke yako huhisi. Watu watatu wakikaa, unahisi. Ndivyo ulivyoandika mwenyewe. Na ukifunga breki huku unakata kona ya kulia kwa kasi, kona hiyo laini ndiyo chombo kitakayoikunjia. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko gharama ya tairi.

Kwa hiyo kama nguvu zako zinatosha kwa jambo moja tu, acha kubishana juu ya 30 au 32, hakikisha mawili ya nyuma yanalingana. Tofauti ya psi 1 naivumilia. Psi 3 unaisikia mikononi.

Nunua geji yako mwenyewe. Hata ile ya kalamu inatosha, ila ya saa yenye mshale ni rahisi kusoma kukiwa na giza la alfajiri. Ya kituo cha mafuta inaangushwa chini mara ishirini kwa siku, na kompresa nyingi za pembeni mwa barabara hazina geji kabisa: kijana anabonyeza tairi kwa kidole gumba anakwambia "iko sawa". Kidole kitakuambia tairi halina upepo. Hakitakuambia 29 au 34. Hali kadhalika teke. Geji yako inaweza kudanganya kwa psi 1 au 2, lakini itadanganya vilevile kulia na kushoto, jana na leo, na wewe unatafuta tofauti. Ukitaka kujua inadanganya kiasi gani, pima tairi lilelile kwa geji tatu za watu unaowaamini, dakika hiyohiyo.

Saa ya kupima ni alfajiri, kabla hujawasha. Kisumu asubuhi huwa na nyuzi 17 au 18, mchana hufika 30. Hewa ikipata joto inatanuka, na ndani ya tairi haina pa kwenda. Kwa tairi la 34, tofauti hiyo ya hali ya hewa pekee inaongeza kama psi 2, chombo kikiwa kimeegeshwa kivulini bila kusogea. Kikiendeshwa, ongeza nyingine. Sasa fikiria kimeegeshwa stejini upande wa kulia ukipigwa na jua: geji itakuonyesha kulia kuna upepo zaidi, wewe utapunguza kulia, na kesho alfajiri kulia ndiko kutakuwa kumelegea. Ndiyo maana nasema usipunguze upepo wa tairi lenye moto. Ukikuta 38 saa nane mchana na alfajiri ulijaza 34, liache.

(Wenzangu hapa Nakuru huniuliza kama mwinuko nao unabadilisha. Unabadilisha. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, sisi kama 1,850. Tairi lililojazwa huko likiletwa huku juu lingesoma psi 1 hivi zaidi, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Lakini huku kuna baridi kuliko kwenu, na baridi inaishusha tena. Kwa kupanda kwako Riat hadi Kiboswa, usijisumbue.)

Ukibana geji, bana mara moja, kwa nguvu, ukiwa umenyoosha mkono sawa na valvu. Tairi lako ni dogo, lina upepo kidogo. Ule mlio wa "fsss" ambao kwenye lori hauna maana, kwako unatoa sehemu ya psi kila mara. Ukimaliza, weka tone la mate mdomoni mwa valvu. Likivimba povu, kile kijipini cha ndani kimelegea au kimeingia vumbi. Kikaze au kibadilishe, halafu rudisha kifuniko. Vifuniko vya valvu kwenye tuktuk za Kisumu ni kama vijiko vya hotelini, havikai. Nunua sita uweke vitatu mfukoni.

Andika. Karatasi moja kwenye kisanduku cha mbele, safu tatu: mbele, kushoto, kulia. Tuseme Jumatatu umeweka 30, 34, 34. Alhamisi unakuta 30, 31, 34. Huhitaji fundi akuambie kushoto kunavuja, na kwamba ni polepole, labda kiraka cha zamani kinaachia. Tyubu nzima hupoteza upepo kupitia mpira wenyewe, lakini ikipoteza zaidi ya psi 2 kwa wiki mimi huivua na kuizamisha majini. Bila karatasi ungeongeza tu upepo kila ukihisi kulegea, na ungefanya hivyo miezi minne.

Baada ya wiki mbili za kulinganisha ndipo uulize kama 34 inakutosha. Jaribio lake ni hili. Pima alfajiri. Fanya kazi saa moja ukiwa na abiria wako wa kawaida, kisha simama upime tena papo hapo bila kugusa upepo. Kanuni ya karakana: ikipanda psi 3 au 4, tairi linabeba bila kuteseka. Ikipanda 6 au 7, linajikunja mno, maana yake upepo wa alfajiri ni mdogo au mzigo umezidi. Ongeza psi 2, urudie kesho, na usivuke ile dari iliyoandikwa ubavuni. Ikiwa linalochemka ni tairi moja tu la nyuma, usiguse upepo, inua gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Breki inayoshika au bearing iliyokwisha hupika tairi vizuri kuliko lami. Na ukishapanda psi 4 bado linachemka, basi sababu ni abiria wa nne, yule anayekaa nawe mbele. Najua hesabu ya tajiri lazima itimie. Tairi halijui.

Vile vipimio vya kwenye valvu si vibaya. Marekani magari madogo yote mapya yamelazimika kuwa na mfumo wa kupima upepo tangu Septemba 2007, ila hata huko sheria inadai taa iwake upepo unapokuwa umepungua kwa robo. Robo ya 34 ni 8.5, yaani taa ingewaka ukiwa 25. Kifaa cha aina hiyo kinakuokoa na pancha ya ghafla. Hakikuokoi na psi 3 zilizokula tairi lako. Hivi vya kununua vinakuonyesha namba yenyewe, na hapo ni afadhali. Ila vinaongeza uzito kwenye valvu ya mpira inayozunguka kwa kasi, vikifungwa vibaya vinavujisha, na nikikumbuka steji ninazozijua, asubuhi ya tatu utavikuta vimeondoka na mtu. Anza na geji na karatasi. Mwaka ukiisha ukaona unavitaka bado, nunua, ufunge na valvu fupi.

Jambo jingine ambalo hukuuliza, nalo linaumiza watu. Rimu ya tuktuk yako huenda ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Kuna nati zinazoshika gurudumu kwenye ngoma, na kuna nati zinazoshika kipande kwa kipande. Ukilegeza hizi za pili tyubu ikiwa na upepo, nusu ya rimu inaruka. Nimeona ikitoboa bati la kibanda. Kijana aliyekuwa ameinama juu yake alikuwa amegeuka kuchukua chai, ndiyo pona yake. Toa kijipini cha valvu, ngoja mpaka tairi libonyee kabisa kwa mkono, ndipo spana iguse. Simama hapo hata kama fundi anakuambia amefanya miaka kumi.

Ukienda kununua tairi la kushoto, soma alama ya lile la kulia kwanza. Likiwa 6PR, nunua 6PR, la muundo uleule wa meno ukiweza, na tyubu mpya. Tairi jipya kando ya kipara ni refu kuliko mwenzake, chombo kitaegemea tena hata upepo ukilingana. Kwa kuwa la kulia bado lina meno ya kutosha, naona afadhali tajiri anunue mawili, na hilo la kulia liwe spea. Lijaze 34 nalo, ulipime kila Jumapili. Spea nyingi ninazozishusha hapa huzikuta hazina hata psi 10.